Kanda la Usufi

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walisema hivyo kwa kejeli, wakimsuta mtu anayeutazama mzigo ulioko kichwani mwa jirani yake na kuuona mwepesi. Hapa kwetu Kilimanjaro kejeli imesahaulika, ikabaki methali inayotumiwa kama kanuni ya kazi. Ukiuliza kwa nini kijana wa kilo 60 anapandishwa mlimani na mzigo unaofikia theluthi ya uzito wake, na pengine kuizidi, utajibiwa kwa neno moja tu: "Wamezoea." Neno hilo ndilo ninalotaka kugombana nalo. Silaha yangu nitaiazima kwa watu ambao huenda msomaji hakuwatarajia, nao ni wakimbiaji wa milimani.

Nawachagua wakimbiaji kwa sababu sijapata kuona kundi jingine la watu wanaouogopa uzito kuliko wao. Nami ni mmoja wao, kwa kadiri umri unavyoniruhusu. Nimekimbia vichochoro vya vihamba vya Kibosho na kingo za mifereji kwa miaka mingi, na nimefundisha fizikia ya sekondari kwa miaka mingi zaidi. Kwa hiyo ninachosema hapa nimekionja kwa miguu kabla ya kukiandika ubaoni.

Hebu tuanze na hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Mwaka 1980 mwanasayansi C. Richard Taylor na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya kwa panya, mbwa, farasi na binadamu waliokuwa wakikimbia na mizigo. Walikuta kwamba oksijeni inayotumiwa na mwili hupanda kwa uwiano uleule wa uzito ulioongezwa. Mbebeshe mkimbiaji asilimia 10 ya uzito wake, naye atatumia takriban asilimia 10 zaidi ya oksijeni kwa mwendo uleule. Panya hakupata punguzo, wala farasi, wala mtu.

Hiyo ni kwenye tambarare. Kwenye mlima mambo huwa wazi zaidi, maana hapo kila kilo lazima inyanyuliwe. Tuseme mkimbiaji hodari wa kilo 60 anapanda mita 1,000 kwa muda wa saa moja, yaani tofauti ya mwinuko iliyopo kati ya vibanda vya Mandara na vile vya Horombo. Kwa kuuinua mwili wake tu anahitaji nguvu, yaani kazi inayofanyika kila sekunde, ya wati 164 hivi. Mpe begi la kilo 5 na nguvu hiyo itapanda kufikia wati 177. Kama hana wati za kuongeza, na mkimbiaji aliyekwisha kufika ukomo wake hana, atalipa kwa muda: saa moja itakuwa dakika 65. Tena hapo hatujahesabu joto. Misuli hugeuza robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, au pungufu ya robo. Iliyobaki hutoka kama joto na jasho. Kwa hiyo kila wati ya mzigo huidai tumbo wati nne na zaidi.

Uzito hauli nguvu peke yake, bali hubadilisha hata namna ya kukimbia. Mkimbia asiye na kitu huruka kutoka mguu hadi mguu, na kwa kitambo kifupi katika kila hatua hayupo ardhini kabisa. Mfunge mzigo mgongoni uone. Mguu unakaa chini muda mrefu zaidi, hatua zinafupika, na ule muda wa kuwa hewani unapungua. Kiwiliwili kinainama mbele ili kuusawazisha mzigo ulioko nyuma. Mikanda ikikazwa kifuani, mbavu zinakosa nafasi ya kutanuka. Ikilegezwa, begi linacheza na kumyumbisha mwenyewe kila anapokanyaga jiwe. Kwenye njia yenye mizizi na matope, kama zilivyo njia za msituni kwetu, kuyumba kidogo tu kunatosha kupinda kifundo cha mguu.

Na kuteremka ni kubaya kuliko kupanda, ingawa mapafu hayalalamiki. Mtu anayeteremka hutumia misuli ya mbele ya paja kama breki. Misuli hiyo hufanya kazi huku ikivutwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzinyuzi zake na kuleta yale maumivu ya siku ya pili na ya tatu, ambapo mtu mzima hushuka ngazi kinyumenyume. Kila kilo iliyoongezwa mgongoni ni kilo ya kuzuiwa na breki hizo katika kila hatua. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka ni mteremko wa zaidi ya mita 4,000. Hatua zilizomo humo msomaji azikadirie mwenyewe.

Wakimbiaji wanayajua haya yote, na wanaishi kwa kuyafuata. Gramu 100 zikiongezwa kwenye kila kiatu hupandisha gharama ya kukimbia kwa takriban asilimia 1, basi wanabishana juu ya viatu kwa gramu. Katika mbio maarufu za kuuzunguka mlima Mont Blanc, waandaaji hulazimisha kila mkimbiaji awe na koti la mvua, taa, blanketi la dharura na chombo cha kubebea angalau lita moja ya maji, na wakimbiaji hutafuta koti jepesi kuliko yote yaliyoko dukani. Katika mbio za jangwani nchini Morocco zilizoanza mwaka 1986, ambako mtu hubeba chakula chake cha siku zote, begi kabla ya maji huwekewa mipaka ya kilo 6.5 na kilo 15. Kila mmoja hutamani kuanza na zile sita na nusu.

Mlima wetu nao una kumbukumbu zake. Mwaka 2006 Mtanzania Simon Mtuy alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa saa 9 na dakika zipatazo 20, akiwa amejibebea chakula, maji na nguo zake mwenyewe. Mwaka 2010 Kilian Jornet wa Hispania alitumia saa 7 na dakika 14. Mwaka 2014 Karl Egloff wa Ecuador akaishusha hadi saa 6 na dakika 42. Watu wote wa michezo walistaajabu, na ilikuwa haki yao kustaajabu. Lakini sikumsikia hata mmoja akisema kwamba watu hawa wangeweza kufanya hivyo wakiwa na hema na mtungi wa gesi mabegani, mradi tu wazoee.

Sasa ninafika pale nilipokuwa nikielekea. Katika njia hiyohiyo, siku hiyohiyo, hupita watu wengine. Sisi huwaita wapagazi, na lugha ya mlimani huwaita wagumu. Angalia jina hilo lilivyo la hila. Ukishamwita mtu mgumu umejiondolea wajibu wa kuuliza kama anaumia, kama vile hatuulizi jiwe. Mgumu hubeba begi la mgeni kichwani au begani, na vitu vyake mwenyewe mgongoni. Ukomo unaotajwa kwenye mizani ya getini ni kilo 20. Kwa anayetaka kujua kilo 20 ni nini, ni ndoo kubwa ya maji iliyojaa, ile ya lita 20.

Turudi kwenye hesabu yetu. Kijana wa kilo 60 mwenye kilo 20 ni kilo 80. Kwa kasi ya yule mkimbiaji angehitaji wati 218. Kwa nguvu ya mkimbiaji yule, saa moja ingekuwa dakika 80. Na kazi yenyewe haipungui hata akitembea polepole kama kinyonga: kufikisha kilo 80 Horombo ni theluthi moja zaidi ya kufikisha kilo 60. Mzoefu analipa, na mgeni analipa. Kisha kumbuka kwamba kileleni kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mzigo haupungui unapopanda, lakini hewa ya kuubebea inapungua.

Hapo ndipo watetezi wa mazoea wanaponijia na hoja zao, nami nitazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza husemwa na wasomi. Husema kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha kuwa Waafrika hubeba mizigo bila gharama. Ni kweli kwamba mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Maloiy wa Kenya na wenzake, waliowapima wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wanawake wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaeleza siri yake: miili yao hubembea kama pendulamu ya saa ya ukutani, wakiokoa katika kila hatua nishati ambayo wengine huipoteza.

Ni kazi nzuri, na inawapa heshima mama zetu. Lakini isome vizuri. Wanawake wale walikuwa wakitembea, hawakukimbia. Walitembea kwenye tambarare, na ile pendulamu haina faida kwenye mwinuko mkali ambapo kila hatua ni kunyanyua tu. Tena asilimia 20 ya kilo 60 ni kilo 12, si 20. Zaidi ya hapo gharama ilianza kupanda kwa wanawake wale wale. Isitoshe, mwaka 2010 watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini, waliozoea kubeba kichwani, hawakuona punguzo hilo kwa jumla. Waliona tu kwamba watu hutofautiana sana. Basi anayeuchukua utafiti huu na kumtwisha nao kijana wa Machame kilo 25 kwenye matope ya msituni hakusoma. Ametafuta ruhusa tu.

Wengine hunitajia Nepal. Naam, mwaka 2005 jarida la Science lilieleza kwamba wachukuzi wa huko hubeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wao kwa wanaume na 66 kwa wanawake, na kwamba hutumia nishati kidogo kuliko tungedhani. Lakini jarida hilohilo lilieleza namna yao: huenda polepole sana na hupumzika mara kwa mara. Wameununua unafuu huo kwa muda. Mgumu wetu hana muda wa kununulia. Anatakiwa ang'oe mahema baada ya mgeni kuondoka kambini, ampite njiani, na ayasimamishe mahema hayo kambi ya pili kabla mgeni hajafika.

Na hiyo ndiyo inayozaa hoja ya pili, ambayo wageni huipenda sana. Husema, "Mbona wanatupita mbio, tena wakicheka? Wangekuwa wanaumia wasingekwenda kasi hivyo." Anayesema hivi angetazama miguu badala ya meno. Angeona hatua fupi, kisigino kisichoinuka, shingo iliyokakamaa, na mguu unaokaa chini muda mrefu, zile dalili zote ambazo kocha yeyote wa mbio akiziona kwa mwanafunzi wake humwambia atue begi. Mgumu huenda haraka kwa sababu mzigo hugharimu hata ukisimama nao. Njia pekee ya kuupunguza ni kufika.

Hoja ya tatu ni ya mazoea yenyewe. Simkatalii mtu kwamba mwili hujifunza. Misuli hunenepa, mifupa hukaza, moyo hupanuka. Wapo hata wakimbiaji wanaovaa fulana za uzito kwa makusudi ili wapate nguvu. Lakini waulize jinsi wanavyofanya. Huvaa kwa dakika chache, kwa kipimo, wakiwa wamekula na kulala vizuri, kisha huivua. Na ni kule kuivua ndiko kunakowafaidia, maana mwili hupata nafasi ya kujijenga upya. Dawa na sumu hutofautiana kwa kipimo. Mazoea humwongezea mtu uwezo wa kulipa deni, hayalifuti deni. Mkulima aliyezoea jua naye hukauka.

Ninaye jirani aliyefanya kazi ya mlima tangu ujana wake. Leo akienda kanisani huteremka kilima chetu kwa ubavu, mkono mmoja gotini na mwingine kwenye fimbo. Nilipomuuliza kama magoti yalianza kumsumbua mlimani, alinijibu, "Mwalimu, kule hakuna aliyeuliza." Sitasema ni mzigo tu uliomfikisha hapo, kwani mimi si daktari. Nasema tu kwamba katika miaka yake yote ya kazi alipimwa mzigo na hakupimwa goti hata mara moja.

Hoja ya nne ndiyo yenye meno, nayo husemwa na wenye biashara: "Tukipunguza mizigo tutapunguza ajira." Hapa sihitaji fizikia, hesabu ya darasa la nne inatosha. Msafara wenye mizigo ya kilo 300 unahitaji watu 15 wenye kilo 20 kila mmoja. Ukiwabebesha kilo 30 unahitaji watu 10. Familia tano zimekosa ugali, na ujira wao umebaki kwenye mfuko wa mtu mwingine. Anayezidisha mzigo ndiye anayepunguza ajira. Akiniambia kwamba anafanya hivyo kwa kuwahurumia wasio na kazi, nitamwomba aniambie kwanza wale watano wako wapi.

Niliwahi kufuatana na kundi la wageni wakimbiaji, watu wa adabu na wakarimu. Mmoja wao alinionyesha mswaki wake kwa fahari. Alikuwa ameukata mpini ili kupunguza gramu chache katika kibegi chake cha kukimbilia. Jioni ileile, kambini, nikaona kilichopandishwa kwa ajili yake: viti vya kukunja, meza, godoro nene na choo cha kubebeka. Hakuwa mtu mbaya. Ila gramu za mgongoni kwake alizijua kwa mizani, na kilo za kichwani kwa mwenzake hakuzijua hata kwa macho. Alipoambiwa "wamezoea," alitikisa kichwa na kumwaga chai.

Basi sina ugomvi na wapandaji, wala sitaki wapagazi waachishwe kazi. Kazi hiyo imesomesha watoto wengi katika vihamba vyetu, na baadhi yao wamepita darasani kwangu. Ninachodai ni kidogo. Mizani ya getini iheshimiwe, tena isiheshimiwe getini tu, kwa maana mzigo unaweza kupimwa hapo ukiwa halali na kugawanywa upya nyuma ya kona ya kwanza, mbali na macho. Kilo 20 ziwe ukomo, zisigeuzwe kuwa kianzio. Mwenye kilo 50 asibebeshwe sawa na mwenye kilo 75, maana kwa mmoja ni asilimia 40 ya mwili wake na kwa mwingine ni asilimia 27 tu. Muda wa kufika kambini uhesabiwe kwa miguu ya mwenye mzigo, si kwa njaa ya asiye nao.

Na wewe mkimbiaji mwenzangu, ambaye unajua kuliko wote, nakudai zaidi. Usininyamazie. Unapoandaa safari yako ya mlima, uliza kila mtu amebeba kilo ngapi, kama unavyouliza uzito wa viatu dukani, na uulize tena siku ya pili. Ukishindwa kuniamini, jaribu siku ya Jumapili. Jaza ndoo ya lita 20, ifunge vizuri mgongoni, au uitie kata uiweke kichwani kama umejaliwa shingo, kisha upande kilima chako cha kila siku kwa mwendo wako wa kila siku. Ukifika juu, kabla hujaitua, jaribu kulitamka lile neno.